Hukusema Cherehani

2 Februari

Kwa Bibi, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, umekaa mbele ya cherehani na miwani kwenye ncha ya pua, unamgombeza mteja aliyenenepa halafu anadai gauni limejibana lenyewe. Vipi goti la kushoto? Mama ameniambia kwenye simu kwamba umeacha chumvi. Mimi sikuamini hata kidogo, naomba uthibitishe kwa maandishi.

Huku mimi na mke mwenzio tu wazima. Sasa shika kiti, Bibi. Tunatarajia kuwa watatu! Mwezi wa nane, Mungu akijalia. Daktari anasema kila kitu kiko sawa. Mimi ndiye siko sawa, nacheka peke yangu kwenye ngazi za kazini mpaka watu wananipisha.

Na ndiyo maana nina ombi. Kwenye albamu yako ya jalada jekundu kuna picha ambayo baba amenibeba. Ndiyo picha pekee tuliyopiga sisi wawili pamoja. Nilikuwa na miezi minane, na kabla sijatimiza mwaka alikuwa ameshatutoka. Mara ya mwisho kuiona nilikuwa darasa la sita, na hata wakati huo plastiki ilikuwa imegeuka njano, nyuso hazionekani sawasawa. Bibi, mimi naenda kuwa baba na sijawahi kuona vizuri alivyonishika baba yangu. Naitaka picha hiyo kuliko kitu chochote kilichomo humo ndani ya nyumba, na wewe ukiwemo, usikasirike.

Nitumie albamu nzima. Kazi yangu ndiyo hii, kutunza karatasi na picha za watu waliokufa zamani. Albamu za namna yako tunazijua. Kurasa zake zimepakwa gundi, juu unafunika plastiki, na mwaka ule zilipotoka kila mtu aliona ni maendeleo. Kumbe gundi ile inakula picha polepole. Tafadhali usijaribu kuibandua mwenyewe.

Ni mimi,
Mjukuu wako

11 Februari

Mume wangu,

Marahaba, marahaba mara mia! Nilipofika kwenye neno "watatu" nilipiga kigelegele, mteja aliyekuwa anapimwa akaruka na pini zote kiunoni. Nikamsomea barua, naye akapiga. Mama yako amepita hapa akitoka zamu ya hospitali, tumecheza sakafuni kama wendawazimu. Kwa hiyo goti ndiyo basi tena, usiulize. Chumvi nimeacha. Nimeacha kuila mbele ya mama yako.

Msalimie mke mwenzangu, mwambie ale, asikusikilize wewe.

Sasa hilo la albamu. Haitoki.

Usiniletee maneno ya kusoma. Posta walishapoteza kitambaa cha suti nilichotumiwa, meta tatu na nusu, wakaniambia kwa upole eti nisubiri. Kitambaa kinafumwa kingine. Mimi nilizaa mtoto mmoja wa kiume. Ikipotea picha hiyo, nitamwambia nini siku nikikutana naye? Siitumi kwa posta, siitumi kwa mtu, siitumi kwa ndege wala kwa mguu.

Na nikuambie ukweli ambao sijamwambia hata mama yako. Mwaka juzi nilijaribu kuibandua. Niliingiza ukucha kwenye kona, nikasikia inalia krrr, kama kitambaa kinachochanika. Nikafunga albamu, nikaiweka juu ya kabati, nikakaa kitandani kwanza. Tangu siku hiyo sijaufungua ukurasa ule.

Lakini kopo la biskuti limejaa picha ambazo hazijabandikwa popote. Babu yako na kofia, harusi ya mama yako, mashangazi wote wale na videvu vyao. Hizo nifundishe kuzitunza, mimi si mzee wa kushindwa. Niambie nisichotakiwa kufanya, mengine nitajua.

Bibi yako

20 Februari

Bibi yangu mwenye kichwa kigumu,

Shikamoo. Nimecheka, halafu nimesikitika, halafu nikacheka tena. Pole na goti. Mke mwenzio anakula, we acha tu, jana kanyang'anya sahani yangu nikiwa bado nimeshika kijiko.

Sawa, umeshinda. Albamu ikae juu ya kabati. Nimeomba likizo mwezi wa tano, nitakuja na vifaa vyangu niibandue hapo hapo mezani kwako, na wewe ukiwa umenisimamia. Mpaka siku hiyo naomba hata usipitishe kitambaa cha vumbi juu yake.

Kwa za kwenye kopo, nakutumia fungu la karatasi nene. Zinaitwa karatasi zisizo na asidi. Maana yake haziwezi kugeuka njano na kuichafua picha, kama magazeti yanavyogeuka. Ukishika picha, shika pembeni, mikono ikiwa mikavu, au vaa glavu za pamba, nimezitia humo jozi mbili. Ukitaka kuandika jina la mtu, andika nyuma kwa penseli laini, usikandamize. Kalamu ya wino hapana, inapenya mpaka inatokea kwenye paji la uso wa shangazi. Gundi hapana, ya aina yoyote ile. Selotepu hapana kabisa, Bibi, hata kipande kidogo kama kucha. Pini hapana, stepla hapana, zinashika kutu. Plastiki, inusu kwanza, na ikinuka kama kandambili mpya usiikaribishe. Na lile kopo litoke karibu na jiko.

Picha tunazishikilia kwa vikona vya karatasi, vinne kila picha, kona ya picha inaingia ndani yake kama mguu kwenye soksi. Picha yenyewe haiguswi na gundi, na siku ukitaka unaichomoa nzima. Hapa vimeisha, tumeagiza. Nitakutumia vikifika. Subiri vikona, tafadhali.

Mjukuu wako

14 Machi

Mume wangu mwenye elimu,

Hujambo? Mke mwenzangu hajambo, na mgeni wetu tumboni? Sisi wazima wa afya. Nimeota nimebeba mtoto amevaa miwani yako.

Nimemaliza!

Kopo lote, picha sitini na mbili, kurasa kumi na nane za ile karatasi yako, ambayo nikiri ni karatasi haswa, ina mwili. Najua ulisema nisubiri vikona. Nilisubiri siku tisa. Halafu nikajiuliza, mtu mzima nasubiri vijisoksi vya nini? Nikaisoma upya barua yako mara tatu. Gundi hapana. Selotepu hapana. Pini hapana, stepla hapana, wino hapana. Nikawa natafuta kilichobaki. Nikainua macho, na kilichobaki kimekaa mbele yangu miaka arobaini na moja.

Hukusema cherehani.

Nimetumia uzi wa pamba mweupe usiotiwa rangi, na sindano nyembamba kuliko zote, ile ya hariri. Mshono mrefu, ili matundu yawe machache. Na usidhani nimetoboa watu! Picha za zamani zina ukingo mweupe pande zote nne. Kwa fundi huo ni upindo, Mungu kauweka ushonwe. Nimepita kwenye upindo tu, hakuna shangazi aliyetobolewa sikio zaidi ya alivyotobolewa na mama yake. Harusi ya mama yako, kwa heshima, nimeizungushia zigizaga.

Imetoka albamu hiyo! Unaitikisa, hakidondoki kitu. Wateja wamesahau nguo zao, wanakuja kutazama.

Nakutumia ukurasa mmoja uone, babu yako na baiskeli. Ile ya baba yako haina ukingo, niliupunguza mwenyewe kwa mkasi zamani ili ienee kwenye fremu. Ningejua. Lakini hata hiyo nimeanza kuifikiria, fundi hashindwi.

Bibi yako, mhifadhi

22 Machi

Bibi,

Shikamoo.

Nimepokea ukurasa. Nimekaa nao mezani tangu asubuhi na sijui nianzie wapi. Umezipitisha picha kwenye cherehani! Picha sitini na mbili za familia nzima, ambazo haziwezi kupigwa tena, umezitoboa matundu mamia kwa mamia. Zigizaga, Bibi! Kwenye picha ya harusi!

Kila tundu ni mahali ambapo karatasi itaanza kuchanika. Hilo hata mtu asiyesomea angeliona. Nimetumia miaka sita kujifunza namna ya kuzuia watu wasizifanyie picha zao mambo kama haya, na anayeyafanya ni wewe. Panya wangeingia kwenye kopo wangeharibu kidogo kuliko hivi.

Nakuomba uondoe mguu kwenye cherehani. Na picha ya baba usiiguse, usiifikirie, usiipange. Iache ilipo. Siwezi kukuamini nayo.

Mjukuu wako

12 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa zile wiki tatu ambazo hukuniandikia. Mama anasema u mzima, unashona, na kwamba ukiulizwa habari zangu unajibu "nani?" Nimeyataka mwenyewe. Nilikuandikia kwa hasira maneno ambayo hata mteja asiyejua kushukuru asingekuandikia. Lile la panya nimelijutia kabla posta haijafungwa, na la kutokuamini nimelijutia zaidi. Nisamehe, Bibi.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mkuu wetu wa chumba cha picha ni mama mmoja mkimya sana, tangu nianze kazi sijawahi kuyaona meno yake. Juzi alipita mezani kwangu akauona ukurasa wa babu na baiskeli. Nikataka kuuficha. Akanyoosha mkono tu, nikampa. Akawasha taa, akaleta lenzi, akaugeuza mbele na nyuma, akauinua juu kama anayekagua noti. Nikaanza kuomba radhi, nikasema ni bibi yangu, ni mzee, hakujua. Akaniambia ninyamaze.

Akasema: "Matundu ni matundu, sitayasifia. Lakini huyu mama hakugusa hata nywele ya mtu. Ametumia pamba tupu. Kesho ukitaka kuitoa picha hii unafumua uzi, basi, hakibaki kitu. Gundi ukitaka kuitoa unaondoka na uso wa mtu." Halafu akatazama ile mishono ilivyonyooka, akauliza, "Ana miaka mingapi?" Nikamwambia sabini na sita. Akacheka. Bibi, meno anayo, na yote yapo!

Anakuomba kitu. Tuna sanduku la picha zilizokauka mpaka zinavunjika kama keki kavu, hata vikona haziwezi kuvumilia. Zinatakiwa zilazwe kati ya plastiki mbili safi, kisha plastiki ndiyo ishonwe kuzunguka nje ya picha, bila sindano kuigusa picha yenyewe. Tumejaribu wiki nzima. Plastiki inang'ang'ania, inakunjamana, uzi unakatika. Anauliza kama fundi yule anaweza kutufundisha. Nimeambatanisha vipande vya plastiki hiyo, nimeinusa, haina harufu.

Mjukuu wako anayejuta

20 Aprili

Kwa Bwana Mtunza Nyaraka,

Salamu. Barua zako mbili nimezipata. Mimi ni mzima. Goti ni zima. Panya nao ni wazima, wanakusalimu.

Hiyo ndiyo barua niliyokuwa nimeiandika jana, nikataka niitie saini niipeleke hivyo hivyo. Mama yako akaisoma akacheka mpaka akakaa chini, hasira ikaniisha nikiwa nimeshaiandaa. Ni hasara kwangu.

Iliniuma, mjukuu wangu. Si panya, panya ni utani, mimi nawe tumeshaitana mabaya kuliko hayo. Kuambiwa huniamini na picha ya mwanangu ndiko kulikoniuma. Miaka thelathini na moja nani kaiweka? Nilifunga duka siku mbili, jambo ambalo sikulifanya hata nilipovunjika kidole. Nimekusamehe tangu wiki ya kwanza lakini niliona aibu kukuambia mapema.

Na kwenye matundu ulikuwa na haki. Nilizitazama upya picha kwa lenzi ya kutungia uzi, nikaona. Nilikuwa na furaha nikaukimbiza mguu kwenye cherehani. Basi tumemaliza.

Sasa mwambie huyo mama mwenye meno. Plastiki inang'ang'ania mguu wa cherehani kwa sababu hamjaitandikia. Weka karatasi nyepesi chini yake na nyingine juu, ile ya kukatia ruwaza za nguo, laini. Shona juu ya yote kwa pamoja, taratibu, mshono mrefu kiasi. Ukimaliza, ichane karatasi, inatoka yote kwenye mstari wa matundu, plastiki inabaki imenyooka. Na msifunge upande wa nne, picha nayo inataka pumzi, na siku moja mtataka kuitoa. Vipande ulivyonitumia nimevifanya mifuko minane. Nimetia ndani majani ya daftari badala ya picha, nimejifunza. Wape waone.

Mfuko wa tisa nimeushona kwa kipimo cha picha ya baba yako, nilipima juu ya plastiki bila kuifunua. Uko kwenye droo ya vifungo. Njoo mwezi wa tano na vifaa vyako, utaibandua wewe, uende nayo. Mtoto wako ana haki zaidi ya kabati langu.

Ukija ulete na mke mwenzangu, kama daktari ataruhusu. Asiporuhusu, lete tumbo kwenye picha.

Bibi yako

3 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, nimemkuta mke mwenzio mzima, tumbo limekuwa kubwa mpaka anaweka kikombe juu yake. Mkuu ametundika mfuko wako mmoja ukutani na ameandika chini yake kwa penseli, "Hivi." Mishono yetu sasa inanyooka. Wenzangu wanakuita Mwalimu.

Lakini sikuaga vizuri, na unajua sababu, ingawa hukuisema.

Siku zote sita nilizokaa kwako zilikuwa nzuri kupita maelezo, na ile asubuhi pia ilianza vizuri. Ulifungua dirisha lote nipate mwanga. Ulinifuta meza mara mbili. Mimi nikavaa glavu, nikakata plastiki pembeni, nikachukua uzi wa kusafishia meno, nikaanza kuupitisha chini ya picha huku na huku, kama mtu anayekata sabuni ya mche. Kwa saa nzima ilikuwa inakubali. Nilikuwa naangalia uzi tu, siangalii sura. Nilijiwekea kwamba nitawatazama ikishatoka yote, nikiwa nimekaa, mikono imetulia.

Ikabaki kona ya chini kushoto. Ukaita kwamba chai inapoa. Nikasema nakuja. Nikaona uzi umekwama, na badala ya kusubiri nikavuta.

Ilikuwa krrr, kama ulivyoandika. Nilipogeuza, mguu mmoja wa baba ulikuwa umekatika chini ya suruali, na kiatu kimebaki kwenye gundi, kinang'aa peke yake katikati ya ukurasa. Mimi, niliyekuandikia yale yote juu ya matundu! Wewe ulishona sitini na mbili usimguse mtu. Mimi nilipewa moja.

Wewe uliitia picha kwenye mfuko wako, ukaifunga kwenye kitambaa, ukanishika shavu, ukasema twende tukanywe chai. Hukunilaumu, na ndicho kilichonimaliza. Tangu nifike sijafungua kitambaa. Kimo kwenye begi. Mke wangu ameuliza mara mbili, nimemwambia baadaye. Najiona kama nimemvuta baba yangu nikamwacha nusu huko kwenye gundi, na siwezi kumwonyesha mtu kazi kama hiyo, achilia mbali mtoto wangu.

Sijui la kufanya, Bibi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mjukuu wako

10 Juni

Mume wangu mjinga kuliko waume wote,

Marahaba. Sisi wazima, mama yako anasalimu, goti linasalimu. Mwambie mke mwenzangu akiweka kikombe juu ya tumbo aweke cha maji, chai itampa mtoto joto.

Nilidhani ulinuna kwa sababu ya chai kupoa. Kumbe umebeba jiwe zito hivyo mpaka huko! Ungeniambia hapa hapa mezani, ungeondoka unacheka. Kaa basi nikuambie habari ya kiatu.

Baba yako alikuwa fundi baiskeli, hilo unalijua. Usichokijua ni kwamba hakuwa na kiatu hata kimoja kisicho na grisi. Siku ya kwenda studio alioga, akanyoa, akavaa shati nililomshonea, akakubeba. Alipofika mlangoni akatazama chini. Akasema, "Mama, miguu itaonekana." Akanirushia wewe mikononi kama mkate, akatoka mbio kwa fundi seremala, nyumba ya tatu, yule mrefu, akaazima viatu vyake vya harusi. Vilikuwa vikubwa mno. Tulijaza vipande vya vitambaa vyangu mbele kwenye vidole, na bado akitembea vinapiga makofi nyuma. Mpiga picha alimwambia asimame wima, hawezi, anateleza ndani ya viatu vya watu! Ndiyo maana amekukumbatia kwa nguvu namna ile. Alikuwa anaogopa kuanguka nawe.

Jana nimeuchukua ule ukurasa wenye kiatu, nikaupeleka kwa fundi seremala. Yupo, ana mvi mpaka kwenye nyusi. Sikumwambia kitu, nimemwekea tu mbele juu ya meza ya randa. Alivaa miwani, akainama. Halafu akapiga kelele, "Hiki changu!" Tulicheka mpaka tukashikana mikono. Akafuta macho kwa mikono yenye vumbi la mbao, akaharibu zaidi. Akasema, "Mwambie huyo mtoto kwamba viatu vilirudi lakini kamba hazikurudi mpaka leo."

Kisha nikalia kidogo, nisikudanganye. Nililia palepale kwenye maranda, na yeye akaniachia nilie, akaendelea kupiga msasa taratibu. Nilikuwa nimemficha mwanangu juu ya kabati muda wote huo kwa kuogopa kumpoteza, na sikuwa nasimulia hata habari za viatu. Jana nimezisimulia mara tatu. Mama yako hakuwa anazijua, alicheka akanipiga begani, akasema ndiyo maana siku ile baba yako alirudi anachechemea.

Kwa hiyo umeniuliza ningefanyaje. Ningefungua kitambaa. Hujamwacha baba yako kwenye gundi, mjukuu wangu. Kilichobaki huku hakikuwa chake. Nimekikata kwenye ukurasa, nimekishonea mfuko, nimempa mwenyewe, naye amekitundika karakanani juu ya misumari. Kila anayeingia anaonyeshwa.

Mwite mke mwenzangu akae karibu, mfungue pamoja. Mguu mmoja hauna kiatu, lakini mikono yote miwili iko juu yako.

Bibi yako